Nguzo Afunga Begi la Sindano

Kila siku baada ya kengele ya mwisho, Nguzo alipita nyumbani kwanza. Kazi zilikuwa zinamsubiri: kujaza maji kwenye mapipa, kuanua nguo zilizokauka na kumpelekea mama yake mezani. Mama yake alikuwa dobi. Alifua na kupiga pasi mashuka ya nyumba za wageni, makoti ya wauguzi na sare za walinzi, na chumba chao cha mbele kilikuwa na joto la pasi na harufu ya sabuni mwaka mzima. Akimaliza kazi, Nguzo alikula alichokikuta jikoni, akavaa kaptura ya mazoezi na kurudi shuleni mbio.

Nguzo halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Aliitwa hivyo kwa sababu ya mabega. Alikuwa na miaka kumi na miwili lakini ungemwona kwa nyuma ungemwamkia. Katika kikundi cha sarakasi cha shule yao, kazi yake ilikuwa kusimama. Asitikisike, asijikune, asicheke. Juu ya mabega yake alipanda Sindano, mtoto mwembamba, mwepesi kama paka, mwenye ulimi mkali na hasira za karibu. Sindano aliposimama juu ya Nguzo kwa mguu mmoja, mikono ameifungua, hata walimu waliokuwa wakisahihisha madaftari walikuja dirishani kutazama.

Mwalimu wao wa sarakasi hakuwa mwalimu wa darasani. Alikuwa mchomeleaji mwenye karakana jirani na shule. Mchana alitengeneza mageti na madirisha ya chuma, jioni alikuja na mikono yenye alama za cheche kufundisha watoto kupanda juu ya wenzao. Walimwita Fundi. Maneno yake hayakuwa na sukari. Ukianguka, hakuanza na pole. Alikuuliza kwanza ulikuwa unaangalia wapi. Pole ilikuja baadaye, pamoja na dawa ya kuchua.

Fundi alikuwa na sheria moja iliyowashangaza wazazi. Kikundi kikisafiri, hakuna mtoto aliyefunga begi lake mwenyewe. Aliyesimama chini alifunga begi la aliyepanda juu, na aliyepanda juu alifunga la aliye chini. Unampelekea mwenzako vitu vyako, yeye anavipanga, anavibeba hadi kwenye gari na kukukabidhi mkifika. Mzazi mmoja aliwahi kulalamika kwamba huo ni mchezo wa kupoteza vitu vya watu. Fundi alimtazama, akamjibu, "Kama mwanao hamwamini mwenzake na mswaki, atamwaminije na shingo?" Mzazi akaondoka.

Sasa kikundi kilikuwa kimealikwa kwenye mashindano katika mji mwingine. Wangelala kwenye bweni la shule ya huko tangu Ijumaa hadi Jumapili. Fundi aliwakalisha chini akawaambia vitu vya kubeba: mswaki, sabuni, taulo, shuka, sandali za bafuni, sweta, tochi, chupa ya maji, nguo za mazoezi na za kubadilisha. Vitu vya kila siku, si maonyesho. Gari walilopewa lilikuwa dogo, kwa hiyo angepima kila begi kwa kuliinua kwa kidole kimoja. Begi lililokishinda kidole lingebaki.

Siku moja kabla ya safari, Sindano alikuja kwa akina Nguzo na vitu vyake amevifunga kwenye kitambaa. Hakukaa. Aliangalia kama kuna mtu karibu, akamkabidhi Nguzo fundo lake.

"Tia vyote," alisema.

"Vyote ni vingi hivi?"

"Nimesema vyote."

Nguzo naye akampa vyake. Ndani yake alikuwa amechomeka foronya moja kuukuu, iliyochakaa hadi unaona upande wa pili, ambayo aliilalia tangu utotoni na bila hiyo usingizi ulimkataa. Hakueleza. Sindano aliiona, akaikunja pamoja na vingine, akaenda zake.

Nguzo akafungua fundo juu ya kitanda, na hapo ndipo alipoanza kuchanganyikiwa. Mswaki, aliuelewa. Taulo na sandali, sawa. Lakini kulikuwa na plastiki nene iliyokunjwa mara nyingi, kubwa kuliko kitanda. Kulikuwa na mashuka matatu. Mtu mmoja, mashuka matatu. Kulikuwa na vibanio vya nguo, kamba, na kopo la sabuni ya unga. Nguzo alivitazama kwa muda mrefu. Sindano anakwenda kwenye sarakasi au anakwenda kufungua udobi?

Alifikiri labda plastiki ni ya mvua. Lakini bweni lina paa. Labda ya kufanyia mazoezi chini. Lakini ingeteleza, na mtu angevunjika mguu. Akavipanga vyote begini, akaliinua kwa kidole. Kidole kikapinda, kikauma, na begi halikuondoka kitandani.

Akaenda mlangoni. Mama yake alikuwa anapiga pasi.

"Mama, mtu anakwenda safari na vibanio vya nguo vya nini?"

"Vya kuanikia nguo. Kuna vibanio vya kazi nyingine?"

"Na plastiki kubwa? Na mashuka matatu?"

Mama aliinua pasi isije ikaunguza koti la watu. "Vitu vya nani hivyo?"

"Vya Sindano."

Mama akaendelea na kola. "Basi muulize Sindano. Siri ya mtungi aijuaye kata."

Kwa akina Sindano hapakuwa mbali. Lakini Nguzo alijua ulimi wa rafiki yake, na hakutaka kusikia kwamba yeye ni bwege asiyejua hata kufunga begi. Akaamua kutumia akili yake mwenyewe. Akatoa plastiki. Akatoa mashuka mawili, akaacha moja, maana hata mfalme hulalia moja. Akatoa kamba, vibanio na kopo la sabuni. Vyote akavisukuma chini ya kitanda. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu mchoyo, aliona sweta la Sindano limetoboka viwiko, akalitoa na kuweka lake jipya. Akaongeza pakiti ya biskuti. Begi likainuka kwa kidole bila shida. Nguzo alilala akiwa na furaha ya mtu aliyemtendea mwenzake wema.

Asubuhi Fundi aliinua mabegi mlangoni mwa gari. La Sindano lilipita. La Redio, mtoto aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuzimika, halikupita mpaka alipotoa mpira, jozi tatu za viatu na kioo. Safari ikawa ya nyimbo na kulala.

Walifika mchana. Bweni lilikuwa refu, safi, na magodoro yake yalikuwa mapya, bado yana harufu ya kiwandani. Nguzo alipewa kitanda cha jirani na Sindano. Alifungua begi lake akakuta kila kitu mahali pake: soksi zimeviringishwa, mswaki umefungwa kwenye karatasi. Foronya hakuiona. Akapekua upya, mpaka alipokunjua taulo na kuikuta ndani, imefichwa vizuri ili mtu yeyote anayepita asiione. Akaisukuma haraka chini ya mto.

Sindano naye alikuwa amefungua la kwake. Alitoa sweta, akalitazama, akaliweka pembeni. Akatoa biskuti. Kisha akaanza kutoa vitu upesi, kimoja baada ya kingine, mpaka begi likabaki tupu, akalipindua na kulikung'uta.

"Vingine viko wapi?"

"Nimekupunguzia mzigo," Nguzo alisema kwa fahari. "Begi lilikuwa linamshinda Fundi. Umeona sweta?"

Nguzo alisubiri asante. Kama si asante, basi tusi, kwa kuwa Sindano hakukosa tusi. Kwa Sindano hakikutoka hata kimoja. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Akaketi kitandani, akainuka haraka kama kimemchoma, akaketi sakafuni.

"Sawa," alisema.

Tangu hapo Nguzo hakumwelewa tena. Wakati wa chakula Sindano aliacha mchuzi, akala wali mkavu. Walipopewa chai alimpa Redio kikombe chake, na Redio hakuuliza mara mbili. Kulikuwa na joto, watoto wote walikuwa wanagombania bomba la maji, yeye akapita kama halioni. Nguzo alimwuliza kama anaumwa. Hapana. Kama amekasirika kwa sababu ya vitu. Hapana. Kama ameogopa mashindano. Sindano akamjibu kwamba mwenye mabega makubwa si lazima awe na maswali makubwa, akageukia ukutani.

Asubuhi Nguzo alipoamka, kitanda cha jirani kilikuwa kimetandikwa bila hata kunjo moja, kama hakijalaliwa. Alimkuta Sindano nje kwenye ngazi za bweni, amevaa sweta, macho mekundu, midomo imekauka hadi kupasuka. Alidai aliamka mapema kuvuta hewa. Nguzo alirudi ndani akavuta shuka la kitanda kile, akaliona jinsi lilivyonyooka. Mtu gani anasafiri kwenda kulala kwenye ngazi? Labda anaogopa mahali pageni. Labda anafikiri nimemwibia plastiki, kwa hiyo ananilinda usiku kucha nisiibe na viatu. Kila wazo lilikuwa la kijinga kuliko lililotangulia, na alilijua hilo, lakini hakuwa na jingine.

Kwenye mazoezi, jua likiwa limeshapanda, Sindano aliweka mguu kwenye paja la Nguzo kama kawaida, akaweka wa pili begani. Nguzo aliusikia mguu ule ukitetemeka. Haukuwahi kutetemeka. Kisha uzito wote ukahama upande mmoja, na kabla hajainua mikono Sindano alikuwa chini, nusu juu ya mkeka, nusu juu ya zege.

Fundi alifika kwa hatua ndefu. "Ulikuwa unaangalia wapi?"

"Mbele."

"Mbele yako kulikuwa kumefumba. Nimeona macho yako." Akamshika kipaji cha uso. "Umekunywa maji leo?"

"Nimekunywa."

Ulikuwa uongo, na Nguzo alijua ni uongo, na hakujua afanye nini na kujua kwake. Redio alisema kwa sauti ya kusikika kwamba sindano imepinda, itafutwe nyingine, na kwamba yeye binafsi hana kizunguzungu tangu azaliwe. Watoto wakacheka. Fundi hakucheka. Alimpeleka Sindano kivulini, akahakikisha hakuvunjika, akamwamuru anywe maji mbele yake. Kisha akatoa uamuzi. Mashindano ni kesho. Kesho asubuhi Sindano atapanda mara moja. Mguu ukitetemeka, atakaa benchi, na Redio atapanda badala yake. "Sitamrudishia mama mtu mtoto aliyevunjika shingo kwa ajili ya kikombe," alisema.

Sindano alikuwa amefanya mazoezi ya kilele kile mwaka mzima. Hakulia. Aliinamisha kichwa tu.

Nguzo alikaa akizunguka uwanja kama kuku aliyepoteza kiota. Mwishowe alimfuata Fundi, aliyekuwa anakaza nati za benchi la ukumbini, akamweleza: alitoa vitu vya Sindano begini, bila kumwambia, na tangu hapo Sindano amekuwa mtu mwingine. Fundi aliuliza vitu gani. Nguzo akavitaja. Alipofika kwenye plastiki na mashuka, spana ya Fundi ikasimama.

"Ulimwuliza ni vya nini?"

"Hapana."

"Alikuambia utie vipi?"

"Vyote."

"Wewe ukasikia nini?"

Nguzo alimwomba Fundi amwambie basi vilikuwa vya nini, maana alikuwa amefikiri mpaka kichwa kinauma. Fundi alisema hilo si lake kulisema. Akamtuma aende kwa mwenyewe, akamwulize kwa adabu, na akiambiwa kitu, afunge mdomo.

Sindano alikuwa nyuma ya bweni, mgongo ukutani. Nguzo alikaa chini kando yake. Hakujua aanzie wapi, kwa hiyo alianza na ukweli: kwamba alikosea kutoa vitu ambavyo si vyake, kwamba vipo salama chini ya kitanda chake nyumbani, na kwamba mpaka saa hiyo haelewi ni vya nini. Akaomba aambiwe.

Sindano alichora mchangani kwa kidole. Alichora, akafuta.

"Nakojoa kitandani," alisema. "Si kila siku. Nikichoka sana, au nikilala mahali pageni. Plastiki natandika chini ya shuka, godoro lisilowe. Shuka likilowa naamka kabla ya watu, nafua, naanika, natandika jingine. Hakuna anayejua."

"Kwa hiyo hukunywa maji."

"Nisipokunywa hakuna cha kutoka. Na nisipolala, ndiyo kabisa."

Tusidanganyane: kicheko kilimpanda Nguzo mpaka kooni. Kilipanda kwa sababu ya mshangao, kama kinavyompanda mtu yeyote. Kisha akaikumbuka foronya yake kuukuu, ilivyokuwa imekunjwa ndani ya taulo ili asichekwe na mtu, na kicheko kikarudi chini chenyewe.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia utie vyote," Sindano alisema. "Nilidhani inatosha."

Nguzo aliinuka, akaenda moja kwa moja stoo ya shule.

Aliyetunza stoo alikuwa mama mmoja wa makamo mwenye funguo nyingi kiunoni. Nguzo alimwamkia, akaomba moja ya zile nailoni nene ambazo magodoro mapya yalikuja yamefungwa nazo, na shuka la ziada.

"Ya kazi gani, mwanangu?"

"Ya kutandika kitandani, mama."

"Kitandani kwako?"

Kusema ndiyo ulikuwa uongo. Kusema hapana, swali la pili lilikuwa linajulikana. Nguzo aliangalia viatu vyake. Yule mama alimtazama, akaelewa alivyoelewa, akaingia ndani na kumletea nailoni, mashuka mawili na kipande cha sabuni ya kufulia. Nguzo alipogeuka, nyuma yake alisimama Redio, ametumwa kuchukua ufagio.

Ukimpa Redio habari, huhitaji kubandika tangazo. Wakati wa chakula cha jioni meza nzima ilishajua kwamba Nguzo anavuja. Mmoja aliuliza kama wa vitanda vya jirani wahame. Mwingine alisema ndiyo maana anajaza mapipa ya maji kwao kila siku. Nguzo alikuwa na uwezo wa kumnyanyua Redio na kumweka juu ya kabati. Alikuwa pia na uwezo wa kusema maneno mawili na aibu yote ingehamia kiti cha jirani. Alikula. Masikio yake yaliwaka moto, na hakuelewa vizuri kwa nini anakubali, ila alijua kwamba mzigo ule aliuangusha yeye, na anayesimama chini hatikisiki.

Sindano alisikia yote. Hakuinua macho kutoka kwenye sahani. Lakini alikunywa mchuzi wake, na maji alikuwa ameshakunywa mchana kutwa kama Fundi alivyomwamuru. Wenzao walipokwenda kuoga, wawili wale walitandika nailoni, wakaifunika kwa shuka, wakalivuta mpaka sauti ya nailoni isisikike. Sindano alilala kabla Redio hajamaliza hadithi yake ya kwanza.

Kulipopambazuka shuka lilikuwa limelowa. Godoro lilikuwa kavu kabisa. Wakatoka taratibu hadi kwenye bomba la nyuma, na Nguzo, mtoto wa dobi, akaonyesha ufundi: maji baridi kwanza, sabuni baadaye, usisugue kama unapara samaki. Walikuwa wanakamua, kila mmoja ameshika pembe mbili, Redio alipotokea na mswaki mdomoni na watoto wawili nyuma yake.

"Ehe, Nguzo," alisema. "Leo umejaza ndoo ngapi?"

Nguzo aliendelea kukamua. Upande wa pili wa shuka ukasimama.

"Shuka ni langu," Sindano alisema.

Redio alitabasamu, akisubiri utani umalizike.

"Ni langu. Anayekojoa ni mimi. Nguzo aliniombea nailoni, na nyinyi mmemsema tangu jana, naye amenyamaza kwa ajili yangu."

Redio alimtazama Sindano, akamtazama Nguzo, akarudi kwa Sindano. Alikuwa na kicheko tayari na hakujua akielekeze wapi.

"Sasa ni nani?" aliuliza.

"Ni mimi. Nikuambie mara ngapi?"

Mmoja wa wale watoto wawili alitema povu la dawa ya meno. Alisema kaka yake naye alikuwa hivyo mpaka alipoanza sekondari, na sasa ni dereva wa lori. Alisema kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, kisha akasogea kusukutua mdomo. Redio alibaki peke yake na mswaki wake.

"Kama huna kazi," Sindano akamwambia, "shika hapa tukamue. Mimi mikono imechoka, na leo napanda."

Redio akashika. Maji yakamwagika miguuni kwake, na kwa mara ya kwanza tangu watoke nyumbani hakuwa na la kusema.

Fundi alimpandisha Sindano kabla ya uji. Paja, bega, bega, mguu mmoja. Nguzo alisikiliza kwa mabega yake kama mtu anayesikiliza mlangoni. Hapakuwa na mtetemeko wowote. Fundi alimwacha juu muda mrefu kuliko kawaida, kisha akasema "shuka," na kumwambia Redio arudi kwenye nafasi yake ya pembeni.

Mchana walionyesha mchezo wao mbele ya ukumbi uliojaa. Kikombe kilikwenda kwa shule nyingine, na ilistahili. Lakini Sindano aliposimama juu, mikono wazi, ukumbi ulinyamaza, na alikaa pale juu mpaka makofi yalipoanza, bila kuyumba hata kidogo.

Wakati wa kufunga mabegi ya kurudi, Nguzo alikuwa kero. Sandali ziwekwe juu au chini? Shuka bichi litiwe kwenye mfuko gani? Nailoni ikunjwe mara ngapi, na ionekane au isionekane? Soksi hizi ni za kushoto au za kulia? Sindano alisema akiulizwa swali moja zaidi atarudi nyumbani kwa miguu.

Fundi alikuwa amesimama mlangoni. Aliwaita wote wakae vitandani.

"Nimesikia mambo ya asubuhi," alisema. "Aliyeyasema ameyasema mwenyewe kwa hiari yake, kwa hiyo nami nitasema. Kukojoa kitandani si uvivu, na si uchafu. Ni mwili haujakomaa sehemu hiyo. Watoto wengi wanayo hali hiyo na inaisha, na kituo cha afya wanaijua, mtu aende na mzazi wake bila aibu. Kilicho hatari ni kujinyima maji na usingizi kwa kuogopa vicheko vyenu. Jana mtoto alianguka. Angeangukia kichwa tungekuwa tunazungumza mengine hapa. Kwa hiyo anayecheka ajue anachekea nini."

Redio alikuwa anaangalia sakafu. Fundi hakumtaja.

Kisha akamgeukia Nguzo. "Wewe ulifanya kosa, na ulilifanya kwa moyo mzuri, na makosa ya namna hiyo ndiyo magumu kuyaona. Ulimpa sweta aliyekuwa anahitaji plastiki. Mtu akikukabidhi vitu vyake, hujui maisha yake, unajua begi lake tu. Usichokielewa, uliza. Ukiogopa kuuliza, basi tia kama ulivyopewa."

Akajikuna kidevu kwa kidole chake chenye kovu. "Na mimi nina kosa. Miaka yote nimewafundisha kufungiana mabegi, sikuwafundisha kuulizana. Kuanzia leo anayekabidhi vitu na anayepokea watakaa chini kwanza wazungumze, hata kama ni soksi."

"Hata soksi?" Sindano aliuliza, akimtazama Nguzo kwa hofu.

"Hata soksi," Fundi alisema. "Haya, beba begi la mwenzako. Gari linasubiri."